Daftari la Dagaa na Saa za Uchungu

Ukurasa wenyewe una doa la mafuta pembeni. Juu yameandikwa madeni: ndoo mbili, ndoo nne, mmoja "atalipa Jumatatu". Kisha umepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na chini yake mwandiko unabadilika, unakuwa mkubwa na wa kuyumbayumba, na badala ya ndoo zinaandikwa saa. 2:40. 3:25. 4:05. Kuelekea mwisho wa ukurasa saa zimebanana: 10:05, 10:11, 10:16, 10:22.

Mwenye daftari ni mama wa Kitaji, Musoma mjini. Hununua dagaa mwalo wa Mwigobero, huwaanika, kisha huwauza kwa wachuuzi wanaowapeleka Bunda na Butiama. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2024, wiki ya mwezi mpevu, ambapo mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani kwa sababu mbalamwezi huzidi mwanga wa taa za wavuvi. Hakukuwa na mzigo. Kutwa nzima alizunguka kudai fedha zake. Alikuwa na mimba ya pili, ya miezi saba, na mumewe alikuwa safarini. Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mtoto wake wa kwanza na wifi yake.

Mgongo ndio ulioanza, chini kabisa, mahali pa kufungia kanga. Alidhani ni uchovu. Saa mbili na dakika arobaini usiku tumbo likakaza, likawa gumu kama mpira uliojazwa upepo, kisha likaachia. Wifi, ambaye ni mdogo kwake na hajawahi kuzaa, akachukua daftari lililokuwa mezani na kuandika. Hakuna aliyemfundisha. Alisema baadaye kwamba alitaka tu kuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yake.

"Wifi, twende hospitali," alimwambia ilipofika saa sita.

"Wakinirudisha tena?" akajibiwa. "Tulia kwanza. Nataka niwe na uhakika."

Jibu hilo lilitokana na jambo lililompata wiki mbili nyuma. Tumbo lilikaza mara tatu mchana akiwa anageuza dagaa juani, naye akapanda bodaboda hadi kituo kimoja cha afya. Akakaa kwenye benchi na wanawake wengine kama kumi. Tumbo likaachia lenyewe, na zamu yake ilipofika hakuwa na cha kuonyesha. Mhudumu alimshika tumbo, akamwambia mbele ya wote kwamba huo ni uchungu wa uongo, kwamba mwanamke aliyekwisha kuzaa anapaswa kuujua, na kwamba asiwapotezee watu muda. Hakupimwa mkojo. Hakuulizwa kama anasikia maumivu anapokojoa. Alirudi Kitaji kwa miguu, kanga ameivuta mbele kama mtu anayejificha, akajiapiza kwamba hatakwenda tena mpaka awe na uhakika.

Uhakika huo ndio uliomkalisha nyumbani karibu saa nane. Umbali haukumzuia. Nauli ilikuwepo, na hospitali imo humo humo mjini. Alichokosa ni ujasiri wa kurudishwa mara ya pili.

Yafaa kusema wazi kwamba mhudumu yule hakutunga neno. Uchungu wa uongo upo kweli. Mfuko wa uzazi ni msuli, na msuli huo hujikaza na kuachia muda mrefu kabla ya siku ya kujifungua. Daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliueleza mwaka 1872, na hadi leo mikazo hiyo inaitwa kwa jina lake duniani kote. Haina mpangilio. Inakuja mara mbili, inapotea saa nzima, inarudi mara moja. Mara nyingi mama akinywa maji, akikojoa, akilala ubavu wa kushoto au akibadilisha alivyokaa, inatulia. Uchungu wenyewe hautulizwi na hayo. Unakuja kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana, kila mkazo una nguvu kuliko uliotangulia, na mara nyingi huanzia mgongoni ukazunguka kuja mbele. Wengine husikia uzito nyongani kama mtoto anasukuma kushuka, wengine huhisi tumbo la hedhi, wengine hudhani ni kuharisha.

Hata hivyo, kumshika mama tumbo mara moja hakutoshi kutenganisha mikazo hiyo miwili. Kinachoitenganisha ni muda, na kupimwa kama njia imeanza kufunguka. Wengi wa wanaofika hospitali wakiwa na mikazo ya mapema hawajifungui wiki hiyo. Wanapimwa, wanakaa saa kadhaa, wanarudi nyumbani na mimba yao. Anayerudi nyumbani namna hiyo amepata alichokifuata. Ajabu ni kwamba katika vituo vingi, na hata majumbani, kurudi huko kunahesabiwa aibu, kana kwamba mama amedanganya.

Saa kumi na dakika ishirini na mbili alfajiri wifi alihesabu mistari ya mwisho akaona mikazo minne imeingia ndani ya dakika kumi na saba. Hakujua kwamba wakunga hutumia kipimo cha namna hiyo, mikazo minne katika dakika ishirini au minane katika saa moja, kuamua kwamba mama ambaye mimba yake haijatimia hapaswi kusubiri. Aliona tu kwamba saa zimekaribiana. Akapiga 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ulioenea nchini tangu 2022, unaotumia magari ya wagonjwa pamoja na madereva wa kawaida walioandikishwa. Simu ikapokelewa. Gari lilipofika, wifi alipanda akiwa ameshika kanga mbili, kadi ya kliniki na daftari la dagaa.

Hospitali ya rufaa hawakumuuliza kwa nini amechelewa. Muuguzi wa zamu alichukua daftari, akaruka madeni, akasoma saa kwa kidole kutoka juu hadi chini. Kisha akauliza swali ambalo mama huyu analikumbuka kuliko yote ya asubuhi ile: "Mama, una wiki ngapi?"

Aliuliza wiki, na miezi isingemsaidia. Kwa bahati jibu lilikuwa kwenye kadi, kwa sababu alikuwa amepigwa ultrasaundi mimba ilipokuwa ya wiki 18. Muuguzi akahesabu kwa kalamu: wiki 31 na siku 2. Njia ilikuwa imefunguka sentimita tatu. Chupa ilikuwa haijapasuka, hakukuwa na damu, hakuwa na homa, na mapigo ya mtoto yalisikika vizuri. Mkojo ulipopimwa ulikutwa na maambukizi.

Kuanzia hapo kazi yote ilikuwa kununua saa. Alipewa vidonge vya nifedipini, dawa ya shinikizo la damu ambayo pia hulegeza msuli wa mfuko wa uzazi. Vidonge hivyo havizuii kuzaa hadi miezi tisa, na hakuna aliyemwahidi hivyo. Vinachelewesha tu, siku moja, siku mbili, ili dawa nyingine ipate nafasi. Dawa hiyo nyingine ni deksamethasoni: sindano ya miligramu 6 kwenye msuli, kila baada ya saa 12, mara nne. Anachomwa mama, lakini dawa inapita kwenye kondo na kwenda kukomaza mapafu ya mtoto.

Historia ya sindano hiyo inaanzia kwa kondoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Graham Liggins, daktari wa Auckland, New Zealand, alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kuwadunga homoni wanakondoo walio tumboni. Mwanakondoo mmoja alizaliwa mapema mno kiasi kwamba mapafu yake hayakupaswa kufanya kazi. Akakutwa anapumua. Liggins na daktari wa watoto Ross Howie wakajaribu dawa ya aina hiyo kwa akina mama 282, na mwaka 1972 wakatangaza matokeo: kati ya watoto ambao mama zao hawakupewa dawa, asilimia 15 walikufa siku za mwanzo, na kati ya waliopewa, asilimia 3.2.

Miaka tisa kabla ya hapo, Agosti 1963, Rais John Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, mwenye kilo 2.1. Alikimbizwa Boston, kwenye hospitali bora ya watoto ya nchi tajiri kuliko zote. Aliishi saa 39. Mapafu yalimshinda. Dawa ambayo familia ya rais huyo haikuweza kuipata kwa fedha yoyote leo ni chupa ndogo ya bei ya chini.

Lakini dawa hiyo haitumiki kiholela, na hapa ndipo swali la muuguzi lilipokuwa na uzito. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ambako sindano hizi zilisambazwa hadi ngazi za chini. Vifo vya watoto wadogo kwa uzito havikupungua, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka kidogo. Wengi walidungwa bila wiki zao kujulikana vizuri, wakaishia kujifungua kwa wakati. Shirika la Afya Duniani likaichunguza dawa hiyo upya kwa masharti makali: wiki zijulikane, mama asiwe na maambukizi makali, na mahali penyewe pawe na uwezo wa kumtunza mtoto njiti. Utafiti huo wa pili, uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan kwa wanawake 2,852, ulitangazwa 2020. Kwa waliopewa dawa, vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6. Kwa wasiopewa, asilimia 23.5. Kila wanawake 25 waliodungwa, mtoto mmoja zaidi aliishi.

Kwa hiyo mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki, ule wa wiki 18, ulifanya kazi kubwa kuliko mashine nyingi. Mjamzito anayejua tarehe ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, au aliyepigwa ultrasaundi kabla ya wiki 24, anafika wodini na jibu mkononi. Asiyejua huleta tumbo ambalo wataalamu hulikisia kwa futi kamba, na mtoto aliyedumaa tumboni anaweza kuonekana mchanga kuliko umri wake.

Sindano ya kwanza alidungwa saa kumi na mbili asubuhi, ya nne siku iliyofuata saa kumi na mbili jioni. Saa hizo 36 anazieleza kwa vitu vidogo. Feni iliyokuwa inalia. Mwanamke wa kitanda cha pili aliyekuwa akisali kwa Kijita kwa sauti ya chini. Kila tumbo lilipokaza alihesabu mbao za dari kutoka mlangoni hadi dirishani, na likiachia alianza upya. Jirani alimletea chupa ya dawa ya mizizi ya kutuliza tumbo; mama akaificha chini ya mto, kisha akaitoa na kumwonyesha muuguzi. Muuguzi hakumfokea. Alimweleza kwamba hakuna ajuaye kipimo cha kilichomo, na kwamba baadhi ya dawa za namna hiyo huongeza uchungu badala ya kuutuliza. Mama huyu anasema kama angefokewa, angeinywa usiku.

Alijifungua siku ya nne. Mtoto wa kike, kilo 1.55.

Aliyetegemea kilio kikali angevunjika moyo, kwa sababu sauti ilikuwa kama ya kinda la ndege. Lakini alipumua. Alisaidiwa oksijeni kwa muda, akawekewa mrija mwembamba wa kumlisha maziwa aliyokamua mama kwa mkono, tone kwa tone, kwenye kikombe. Kisha mama akafundishwa kazi aliyoifanya kwa wiki zilizofuata: kumlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wima, kichwa kimegeukia upande, kofia kichwani, kanga imefungwa kuwazunguka wote wawili, mchana na usiku. Mama akitaka kuoga, wifi alivua blauzi na kuipokea zamu.

Huduma hiyo ya kangaroo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez, ambao hospitali yao ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za joto. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa msaada wa maskini, wa kuanza mtoto akishatulia. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, ambamo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilishiriki, ulionyesha vinginevyo. Watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12.0, na waliosubirishwa mpaka watulie walikufa asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Kifua cha mama si mbadala wa mashine tu, na wodi ya njiti inayomfungia mama nje inamnyima mtoto dawa.

Takwimu za Tanzania zinaeleza kwa nini jambo hili halipaswi kuachiwa bahati. Utafiti wa hali ya afya wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni hatua kubwa, na wakunga wa nchi hii wanastahili heshima yake. Lakini kwa watoto wa chini ya siku 28, vifo vilikuwa 25 kwa kila 1,000, na 2022 vikawa 24. Akina mama wanapona. Watoto wachanga wamebaki karibu walipokuwa, na kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu.

Wapo waliolibeba jambo hili kwa sauti. Doris Mollel, aliyezaliwa na gramu 900, alianzisha taasisi yenye jina lake ambayo imepeleka vifaa kwenye wodi za njiti mikoani na kudai mama zao waongezewe likizo. Mapema 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi ili mama wa njiti asipoteze siku zake 84 za likizo akiwa bado wodini. Ni ushindi wa kweli. Mama wa Kitaji hakuguswa nao, kwa kuwa hana mwajiri. Wiki alizokaa kifua wazi na mtoto, mwezi uliingia gizani, mitumbwi ikarudi ziwani, na dagaa wake wakanunuliwa na wengine. Wachuuzi wenzake walimchangia ndoo tatu za kuanzia upya. Hayo nayo yameandikwa daftarini.

Ni nini kilichoanzisha uchungu ule? Hakuna anayeweza kuapa kwamba ni maambukizi ya mkojo. Mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa, na mama asijilaumu kwa sababu alibeba ndoo au alipanda bodaboda. Lakini vyanzo vinavyojulikana vipo, na vingi vinapimika kliniki: maambukizi ya mkojo, malaria, kaswende, upungufu wa damu, shinikizo la damu, mimba ya mapacha, mimba zilizofuatana haraka mno. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria ongeza kichocho, kinachochosha damu ya mama kimyakimya, na ambacho kinatibika hata akiwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Vidonge vya SP vya kukinga malaria hutolewa kliniki kuanzia kipindi cha pili cha mimba, kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja. Kulala kitandani kutwa nzima, ambako wazee wengi hushauri, hakujathibitika kuzuia uchungu wa mapema. Mkojo uliopimwa kwa dakika mbili una faida kuliko wiki mbili za kulala.

Mtoto sasa anatembea, na hupenda kuvuta dagaa mkekani wakianikwa. Wifi ameolewa Butiama. Alipokuwa na mimba yake mwaka huu, alinunua daftari jipya, akaandika tarehe ya hedhi ya mwisho kwenye ukurasa wa kwanza.

Mjamzito ambaye hajafikisha wiki 37 akiona tumbo linakaza kwa mpangilio, anywe maji, akojoe, alale ubavu wa kushoto na aandike saa. Mikazo ikifika minne ndani ya dakika ishirini, aondoke. Akiona damu, akihisi maji yanavuja, au mtoto ameacha kucheza, asiandike chochote, apige 115 papo hapo. Na wewe muuguzi au mkunga unayempokea saa tisa usiku, ukimkuta njia imefunga na tumbo limetulia, mpime mkojo, kisha mwambie maneno haya kabla hajavaa kandambili zake: "Umefanya vizuri kuja, mama. Ikirudi, na wewe rudi."